2,147,483,647: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu namba moja

Maswali haya yamejikusanya kidogokidogo. Mengine niliulizwa darasani nilipokuwa nikifundisha hisabati sekondari. Mengine yamekuja baadaye, nilipohamia kwenye kuandika programu, na hayo huletwa na wahasibu, makatibu wa vyama na vijana waliokesha na kosa wasilolielewa. Yote yanaishia kwenye namba ileile ya tarakimu kumi.

Namba ya simu 2147483647 ni ya nani? Mbona nusu ya wanachama wetu wameandikiwa hiyohiyo?

Si ya mtu. Swali hili ndilo lililonifanya nianze ukurasa huu. Katibu wa chama kimoja cha kuweka na kukopa alinipigia akihema: "Mwalimu, kuna mwizi. Laini moja imesajiliwa kwa wanachama wangu zaidi ya mia." Alikuwa tayari anakwenda polisi.

Hapakuwa na mwizi. Aliyetengeneza daftari lao la kompyuta aliiambia mashine kwamba namba ya simu ni namba nzima ya kawaida. Kwa namba nzima ya kawaida, mashine hutenga biti 32 (nafasi ndogondogo za kuandikia namba, nitazieleza kwa bao hapo chini) na si zaidi, na kubwa kuliko zote inayoweza kukaa humo ni 2,147,483,647. Sasa andika namba ya Tanzania kwa ukamilifu wake, 255 na tarakimu tisa nyuma yake: umeshapita bilioni 255. Ya Kenya inayoanza na 254 na ya Uganda inayoanza na 256 ni vilevile. MySQL, programu ya kuhifadhi data iliyobeba daftari hilo, ikiwa ya zamani, au mpya iliyolegezwa masharti, haikukatalii. Inakata kimyakimya na kukuwekea kikomo chake. Walioandikwa kwa 07 walipona nusu: sifuri ya mbele ilipotea, tarakimu tisa zikabaki.

Namba ya simu si namba ya kuhesabia. Hakuna anayejumlisha simu ya Asha na simu ya Juma apate jibu lenye maana. Ihifadhiwe kama maandishi. Marekani wana bahati mbaya zaidi kuliko sisi, maana 214 ni msimbo wa simu wa eneo la Dallas, Texas, kwa hiyo kwao kosa hili linafanana kabisa na namba halali.

Inasomwaje kwa Kiswahili?

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Laki inasaidia sana hapo. Ukisema "elfu mia nne themanini na tatu" msikilizaji anaweza kusikia elfu moja na mia nne na kitu, na mabishano ya aina hiyo yameshavunja biashara za watu.

Kwa nini iwe hiyo hasa, na si bilioni mbili kamili?

Chukua bao. Lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32. Tusahau kidogo kutakata na mtaji, tuweke sheria yetu: shimo linakuwa na kete moja au linakuwa tupu, basi. Kete ya shimo la kwanza ina thamani ya 1, ya shimo la pili 2, ya tatu 4, ya nne 8, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Kete moja shimo la kwanza na moja shimo la tatu ni 5. Hivyo ndivyo kompyuta inavyoandika namba, na shimo ndilo linaloitwa biti.

Jaza mashimo 31. Jumla yake ni 1 + 2 + 4 na kuendelea hadi 1,073,741,824. Huna haja ya kujumlisha yote. Ongeza kete moja ya ziada kwenye shimo la kwanza: sasa ziko mbili, na sheria hairuhusu, kwa hiyo zinaondoka na kuwa kete moja ya shimo la pili. Huko nako zinakuwa mbili. Zinasukumana hivyo mpaka mwisho, mashimo yote 31 yanabaki matupu na kete moja tu inatua shimo la 32, lenye thamani ya 2³¹, yaani 2,147,483,648. Toa ile moja uliyoongeza. Umepata namba yetu: 2³¹ − 1.

Kwa mfumo wa binari, yaani wa tarakimu 0 na 1 pekee, ni moja 31 zilizopangwa mstari. Waandika programu huiandika 7FFFFFFF kwa mfumo wa namba kumi na sita.

Shimo la 32 linafanya kazi gani?

Ni la alama ya kutoa. Likiwa tupu, namba ni chanya au sifuri. Likiwa na kete, kete hiyo huhesabiwa −2,147,483,648 na zilizobaki hujumlishwa juu yake. Ndiyo maana ukiwa kwenye kikomo na kuongeza moja tu, lugha nyingi za programu hukurusha kutoka bilioni mbili chanya hadi bilioni mbili hasi. Gari la zamani likifika 999,999 hurudi 000,000. Hili lingerudi kwenye deni.

Kwa nini upande wa hasi unazidi kwa moja?

Kwa sababu sifuri imekaa upande wa chanya. Mipangilio yote ya mashimo 32 ni 4,294,967,296. Nusu yake, ile yenye shimo la mwisho tupu, inaanza 0 na kuishia 2,147,483,647. Nusu nyingine inaanza −1 na kushuka hadi −2,147,483,648. Kinachotokea hapo kinachekesha: −2,147,483,648 haina mwenzake chanya. Ukiiambia programu iondoe alama ya hasi, katika lugha kama Java jibu linarudi hasi vilevile.

Ni kweli kwamba ni namba tasa?

Kweli. Haigawanyiki bila baki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. (Neno "tasa" wanafunzi walikuwa wakilicheka. Binafsi naona ni tafsiri nzuri kuliko ya wazungu wanaoiita "ya kwanza": namba hii haizai safu na mistari. Chukua kunde 12, utazipanga 3 kwa 4. Chukua kunde 2,147,483,647, hutapata mstatili wowote ila mstari mmoja mrefu.) Ukizipanga namba tasa zote kuanzia 2, yetu ni ya 105,097,565.

Nani aligundua?

Kwanza walikuja waliobahatisha. Pietro Cataldi wa Bologna alithibitisha mwaka 1588 kwamba 2¹⁹ − 1, yaani 524,287, ni tasa, na hiyo ilikuwa kazi ya kweli. Kisha akajiamini kupita kiasi, akadai kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Kati ya vinne alipatia kimoja tu, 31. Mwaka 1640 Pierre de Fermat alionyesha kwamba 47 inagawanya 2²³ − 1 na kwamba 223 inagawanya 2³⁷ − 1. Ile ya 29 iliangushwa na Leonhard Euler: inagawanyika kwa 233.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne akatoa orodha yake ya vipeo: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127, 257. Hakueleza alivipataje vile vikubwa. Alikosea kuweka 67 na 257, na akasahau 61, 89 na 107. Pamoja na hayo namba za aina hii zinaitwa kwa jina lake hadi leo. Ndivyo dunia ilivyo.

Aliyeleta uthibitisho wa 31 ni Euler, mwaka 1772, katika barua kwa Daniel Bernoulli. Wakati huo alikuwa St. Petersburg na macho yalikuwa karibu yamekwisha kabisa. Kwa zaidi ya nusu karne baada yake hakuna aliyejua namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Alithibitishaje bila kompyuta? Naweza kufanya mwenyewe?

Unaweza, na ningependa ujaribu. Hapa nitakaa kidogo.

Njia ya kawaida ya shuleni ni kuigawanya kwa kila namba tasa hadi ufike kwenye kipeuo chake cha pili. Kipeuo hicho ni 46,340 na ushee. Huna haja ya kuvuka hapo, kwa sababu kama namba ina vigawo viwili, kimoja lazima kiwe chini ya kipeuo. Tatizo ni kwamba chini ya 46,341 kuna namba tasa 4,792. Ukitumia dakika tano kwa kila kugawanya, ni kama saa 400 za kalamu.

Euler alichuja kwanza.

Chukua kwamba kuna namba tasa, tuiite q, inayogawanya 2³¹ − 1. Maana yake 2³¹ ikigawanywa kwa q inabakiza 1. Sasa anza na 1, zidisha kwa mbili mara kwa mara, na kila mara bakiza baki tu baada ya kugawanya kwa q. Utaondoka 1, 2, 4, 8, utapotelea huko, na hatua ya 31 utarudi kwenye 1. Ni mzunguko, kama siku za juma. Je, unaweza kurudi mapema zaidi? Mzunguko mfupi ungelazimika kuigawanya 31, na 31 yenyewe ni tasa, kwa hiyo haiwezekani. Mzunguko ni wa hatua 31 kamili.

Lakini Fermat alishafundisha kwamba kwa namba tasa yoyote q isiyo 2, ukizidisha kwa mbili mara q − 1 lazima urudi kwenye 1. Kwa hiyo 31 lazima igawanye q − 1. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, hivyo inagawanyika kwa 62. Kichujio cha kwanza hicho: q ikigawanywa kwa 62 lazima ibakize 1.

Kichujio cha pili ninakipenda zaidi. Kama 2³¹ inabakiza 1, basi 2³² inabakiza 2. Na 2³² ni kipeo cha pili cha 2¹⁶. Yaani machoni pa q, mbili ni mraba wa namba nzima. Si namba tasa zote zinazokubali jambo hilo. Zinazokubali, ukiacha 2 yenyewe, ni zile tu ambazo zikigawanywa kwa 8 zinabakiza 1 au 7.

Unganisha vichujio viwili: q ikigawanywa kwa 248 lazima ibakize 1 au 63. Ghafla msitu umekuwa shamba. Hadi 1,500 wanaobaki ni hawa: 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1055, 1241, 1303, 1489. Na wengi wao si tasa. Tatu inaondoa 63, 249, 807 na 993. Tano inaondoa 745 na 1055. Saba inaondoa 497. Halafu 559 ni 13 × 43, na 1241 ni 17 × 73. Wanasalia watatu wa kujaribu kweli:

2,147,483,647 kwa 311 ni 6,905,092, baki 35.
Kwa 1303 ni 1,648,107, baki 226.
Kwa 1489 ni 1,442,232, baki 199.

Endelea hivyo hadi 46,340. Hata usipowaondoa wasio tasa, wa kujaribu hawazidi 373. Kwa dakika zetu tano kila mmoja, ni kama saa 31. (Sikuipanga hiyo 31, imejitokeza yenyewe.)

Niliwahi kuwagawia kidato cha tatu orodha nzima, kila mmoja na wagawanyi wake. Vijana wawili walirudi na baki ya sifuri, wakitangaza kwamba Euler alikosea. Wote wawili walikuwa wamesahau kukopa.

Kwa hiyo kila 2 yenye kipeo tasa, ukitoa 1, inakuwa tasa?

Hapana, na hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. 2¹¹ − 1 ni 2047, nayo ni 23 × 89. Kipeo kisipokuwa tasa, namba haiwezi kuwa tasa. Kipeo kikiwa tasa, ndiyo kwanza unaanza kazi.

Mfano wa kuumiza ni 67, ile aliyoiweka Mersenne. Édouard Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, ila hakuvipata vigawo vyake. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole aliviandika ubaoni mbele ya wanahisabati wa Marekani: 193,707,721 × 761,838,257,287. Husimuliwa kwamba alizidisha mpaka mwisho bila kusema neno, akarudi kukaa. Na ile ya 61 iliyosahauliwa ilipatikana mwaka 1883 na kasisi wa Kirusi, Ivan Pervushin.

Hakuna njia ya mkato?

Ipo, tena nzuri ajabu. Msingi wake uliwekwa na Lucas na ukanyooshwa na Derrick Lehmer mwaka 1930. Anza na 4. Piga kipeo cha pili, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima, bakiza baki. Rudia. Kwa kipeo p (kilicho tasa na si 2), fanya hivyo mara p − 2. Ukiishia kwenye sifuri, namba ni tasa. Usipoishia, si tasa.

Jaribu kwa 127, ambayo ni 2⁷ − 1, kwa hiyo hatua tano: 4 inatoa 14, kisha 67, kisha 42, kisha 111, kisha 0. Tasa. Kwa namba yetu ni hatua 29, na simu yako ingezimaliza kabla hujainua kidole kwenye kioo. Njia hiihii ndiyo iliyokuwa mhimili wa utafutaji kwa miaka mingi, na leo hutumika kuhakikisha namba iliyokwisha kupatikana. Ile kubwa iliyotangazwa Oktoba 2024, 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, ina tarakimu 41,024,320.

Ni bahati tu kwamba kikomo cha kompyuta ni namba tasa?

Ni bahati tupu. Wahandisi walichagua biti 32 kwa sababu ni mara mbili ya 16, ambayo ni mara mbili ya 8. Wakatenga moja kwa alama, zikabaki 31. Hakuna aliyemfikiria Euler. Tazama vikomo vya ukubwa mwingine: biti 8 kinatoa 127, tasa. Biti 16 kinatoa 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Biti 64 kinatoa 9,223,372,036,854,775,807, ambayo unaweza kuigawanya kwa 7 sasa hivi. Na ukiacha alama ukatumia mashimo yote 32, unapata 4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Nzuri kuitazama, lakini imevunjika vipande vitano.

Utasa wake una faida yoyote?

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu namba kamilifu inayozaliwa na namba yetu. Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha: 6 ni 1 + 2 + 3. Euclid alishaonyesha kwamba 2ᵖ − 1 ikiwa tasa, ukiizidisha kwa 2 yenye kipeo p − 1 unapata namba kamilifu. Kwa p = 31 inatoka 2,305,843,008,139,952,128. Barlow alisema hiyo ndiyo itabaki kuwa kubwa kuliko zote daima, kwa sababu namba hizi ni za kustaajabiwa tu, hazina matumizi, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Lucas alijisumbua mwaka 1876, akathibitisha 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39.

Na matumizi yakapatikana. Mwaka 1969 watafiti Lewis, Goodman na Miller walitumia namba yetu kutengeneza namba za kubahatisha kwenye kompyuta za IBM System/360, na mwaka 1988 Park na Miller wakapendekeza njia hiyo iwe kipimo cha chini kwa kila mtu. Inafanyika hivi: chukua namba, izidishe kwa 16,807 (ni 7⁵), gawanya kwa 2,147,483,647, baki ndiyo namba inayofuata. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Kwa kuwa mgawanyi ni tasa na 16,807 imechaguliwa vizuri, mfululizo unapita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 mara moja moja kabla ya kurudia. Mgawanyi asiye tasa asingetoa mzunguko kamili namna hiyo. Kwa michezo na majaribio inatosha. Kwa nywila na fedha usiiguse, maana anayeona namba moja tu anaijua inayofuata.

Majirani zake wakoje?

Kabla yake kuna 2,147,483,646, ambayo ni kinyume chake kabisa: 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Baada yake ni 2³¹, mbili tupu. Namba tasa iliyo karibu nyuma yake ni 2,147,483,629, na mbele ni 2,147,483,659. Haina pacha, yaani namba tasa inayopishana nayo kwa mbili tu.

Inaweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili?

Haiwezi, kwa sababu ikigawanywa kwa 4 inabakiza 3. Hata mitatu haitoshi, maana ikigawanywa kwa 8 inabakiza 7. Minne inatosha kwa namba yoyote, na kwa hii mmoja wa mipango ni 46,339² + 425² + 10² + 1². Nilipoupata nilifurahi siku nzima, mke wangu ni shahidi.

Kuna kitu kinatokea mwaka 2038?

Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, ambayo kwa saa zetu ilikuwa saa 9 usiku. Sekunde 2,147,483,647 ni siku 24,855, saa 3, dakika 14 na sekunde 7. Zitatimia Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi itakuwa saa 11:14 alfajiri, na Muscat saa 1:14 asubuhi. Sekunde inayofuata, mashine iliyobaki na biti 32 itadhani ni Ijumaa, 13 Desemba 1901.

Simu na kompyuta mpya zimeshahamia biti 64. Hofu yangu ni vile vifaa vinavyofungwa ukutani na kusahauliwa. Na mkopo wa nyumba wa miaka 20 unaotolewa sasa umeshavuka tarehe hiyo, kwa hiyo anayekokotoa marejesho asingoje 2038.

Mbona programu ya nje ilifanya kazi vizuri kwao, kwetu ikaonyesha salio la hasi?

Uliza kama inahifadhi fedha kwa senti. Wengi hufanya hivyo ili kukwepa desimali, na ni busara. Lakini senti 2,147,483,647 ni 21,474,836.47 tu. Kwa dola, duka dogo halifiki huko maisha yake yote. Kwa shilingi ya Tanzania au ya Uganda, mkopo mmoja wa gari unafika. Ongeza senti moja, mteja anaonekana anadaiwa milioni 21. Nimeliona hili kwa macho yangu kwenye ofisi moja, mhasibu akiwa amechapisha taarifa na kuipigia mstari mwekundu chini ya jina la mtu asiye na kosa.

Wakubwa nao hukosea?

Sana. Desemba 2014 YouTube walieleza kwamba video ya PSY wa Korea Kusini imetazamwa kupita kikomo hiki, na kwamba kihesabio kimehamishiwa biti 64. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilionya kwamba vidhibiti vya jenereta za Boeing 787 vikiachwa na umeme siku 248 mfululizo, kihesabio cha ndani kinafurika na ndege inaweza kupoteza umeme. Hesabu 2³¹ kwa sehemu za mia za sekunde: siku 248 na nusu. Msishtuke kwamba 248 ndiyo ileile ya Euler. Hiyo ilitoka kwa 8 × 31. Hizi hazijuani.

Nimeikuta kwenye daftari langu la simu. Nikibadilisha safu kuwa maandishi, namba za watu zitarudi?

Hazitarudi. Mashine haikuzificha; haikuwahi kuziandika. Badilisha safu kwanza, ili zijazo zipone, kisha tafuta fomu za karatasi au nakala ya zamani iliyochukuliwa kabla ya kuingizwa humo. Yule katibu hakuwa na nakala. Alikaa na kitabu cha mahudhurio cha mkutano mkuu, akaanza kuwapigia mmoja mmoja.